Paka ananyonyoka manyoya, mwenzetu chafya usiku kucha: paka aondoke au tatizo liko kwingine?

#1 Binti_Sinza
Habari zenu wakuu. Tunaishi watatu kwenye nyumba ya kupanga hapa Sinza. Kila mtu na chumba chake; sebule, jiko na choo tunachangia. Nina paka dume anaitwa Sultani, nimemlea tangu kitoto. Mwenzetu wa tatu alihamia baada ya masika, na tangu aingie ni chafya, macho mekundu, pua inachuruzika, asubuhi sauti imekauka. Juzi usiku kifua kilimbana mpaka tukamkalisha kitandani kaegemea mito. Yeye anasema ni manyoya ya paka. Mwenzetu wa pili anasema ni vumbi, maana dirisha la chumba kile linatazama njia ya bodaboda isiyo na lami.

Manyoya siyakatai. Sultani analala juu ya mgongo wa kochi, ukikaa pale na suruali nyeusi ya kazini unainuka imekuwa ya kijivu. Ukiwasha feni ya sebuleni unayaona yanaviringika chini ya meza. Juzi nimetoa unyoya kwenye unga wa chapati.

Jumapili tuna kikao cha nyumba. Pendekezo lililopo: Sultani aende kwa shangazi yangu Bagamoyo wiki mbili, mgonjwa akipata nafuu tujue ni paka, asipopata paka arudi. Je, jaribio hili lina maana? Na kama kweli ni paka, kuna namna ya kuishi naye bila mtu kuumia? Simpendelei paka mbele ya mtu, ila sitaki afukuzwe kwa kosa lisilo lake.

#2 Mzee_wa_Kigogo
Paka mahali pake ni uani, akamate panya, ale mabaki, alale darini. Mambo ya paka kulala kwenye kochi ndiyo yanaleta haya. Sisi tumekua na paka nyumba nzima na hakuna aliyejua mzio ni nini.

#3 Tabibu_Kituo
Mzee #2, mzio ulikuwepo, ila mtu alikuwa anaitwa "wa mafua" au "wa kifua" maisha yake yote na basi.

Niweke jambo moja sawa, maana uzi mzima utapotea hapa. Manyoya yenyewe si adui. Kinachosumbua ni protini inayotengenezwa kwenye mate ya paka na kwenye tezi za ngozi yake, inaitwa Fel d 1. Paka akijilamba anaipaka mwili mzima, ikikauka inapeperuka na vipande vidogo vya ngozi. Ni ndogo mno, inaelea hewani kwa saa nyingi, inashika kwenye pazia, kochi, godoro, nguo. Ndiyo maana hata paka wasio na manyoya, wale wenye ngozi tupu, wanawasumbua watu vilevile.

Dada #1, kifua kubana si jambo la kusubiri Jumapili. Akisikia miluzi kifuani, au akashindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ni hospitali saa hiyohiyo. Hayo ya paka mtayajadili baadaye.

#4 Kombo_wa_Lamu
Kwetu Lamu paka wamejaa barazani, gatini, misikitini. Mtume (SAW) alituambia paka si najisi, ni katika viumbe vinavyotuzunguka majumbani. Leo mnataka kumsafirisha kiumbe wa watu Bagamoyo kwa sababu ya chafya!

#5 Mama_Tausi
Kaka Kombo, usafi wa kidini ni mlango mmoja na afya ni mlango mwingine. Paka kuwa safi hakumzuii mtoto wangu kubanwa. Halafu hao wa Lamu wanalala nje kwenye upepo wa bahari, huyu wa Sinza yuko kwenye sebule ya futi kumi.

Mwanangu wa kwanza alianza hivyohivyo. Tulimwondoa paka, tukamwondoa kuku, tukaacha kufukiza udi, mtoto bado. Mwisho daktari akauliza analalia nini. Mto wa sufi, ule aliotuachia mama mkwe, umri wake sawa na wa ndoa yangu. Ndani mlikuwa na utitiri wa vumbi, wadudu usiowaona kwa macho wanaokula magamba ya ngozi yetu. Tulipobadilisha mto na kuanza kuloweka mashuka kwenye maji ya moto, zile asubuhi za chafya zilipungua sana. Dada, mwenzenu analalia nini?

#6 Binti_Sinza
Asanteni. Tabibu, tulimpeleka usiku uleule, akapewa dawa ya kuvuta, yuko salama. Mama Tausi, umenishtua. Godoro lake alilinunua lililotumika, kwa mtu aliyekuwa anahama. Na chafya zake ni mbaya zaidi alfajiri, wakati Sultani haingii chumbani kwake kabisa.

#7 Fundi_Feni
Kesi imekwisha, ni godoro. Lakini pandeni kitini mwangalie mapanga ya feni. Kila nyumba ninayoitwa nakuta utando wa vumbi na manyoya kwenye ukingo wa panga, mzito kiasi cha kuufuta kwa kidole. Unawasha, unanyunyiziwa usoni usiku kucha. Zima umeme kwenye swichi kubwa, tumia foronya kuukuu, livalishe panga kama unavyovalisha mto, vuta. Uchafu wote unabaki ndani ya foronya. Ukifuta kwa kitambaa kikavu umeuhamishia kitandani.

#8 Sauda_Maskati
#7 hiyo ya foronya naiiba leo. Huku Maskati kiangazi madirisha hayafunguliwi, tunaishi na kiyoyozi tangu asubuhi mpaka asubuhi, na nina paka wawili. Chujio la kiyoyozi nikilitoa ni kama blanketi. Naliosha kwa maji na sabuni, nalianika, narudisha. Nikipitisha muda bila kuosha, mume wangu ananiambia kwa pua yake.

Binti, usiharakishe kusema ni godoro. Mume wangu naye paka hawaingii chumbani, lakini nikikaa nao sebuleni halafu nikaingia kulala na dera lilelile, anaanza. Protini hiyo inasafiri na nguo. Mwenzenu nguo zake anaziweka wapi?

#9 Binti_Sinza
Dada Sauda, anaanika kamba moja na sisi, na nguo za kazini anazitupia kwenye mgongo wa kochi. Kochi lilelile la Sultani.

#10 Mzee_wa_Kigogo
Si nilisema? Kochi!

#11 Dereva_Boda_Temeke
Mimi nina mzio wa paka uliothibitishwa, sibahatishi. Mke wangu alikuja naye kwenye ndoa. Nikimshika halafu nikajikuna jicho, dakika chache jicho limevimba limejifunga. Nikifika kwa wateja wenye paka nagundua kabla sijamwona.

Shida yangu kubwa ilikuwa dawa. Nilikuwa natumia Piriton, inazuia chafya kweli lakini inalaza. Nimewahi kusinzia taa nyekundu ya Buguruni na abiria nyuma. Niliposema hospitali, nikabadilishiwa nikapewa setirizini, nameza usiku. Nimepewa na dawa ya kupuliza puani, na hii mnielewe, haifanyi kazi siku ya kwanza. Unapuliza kila siku hata kama hujisikii vibaya. Nimeona wenzangu wanapuliza mara moja, wanasema feki, wanatupa.

Paka bado yupo. Chumbani haingii, na sheria hiyo haina sikukuu.

#12 Mjukuu_wa_Bibi
Kuna sindano ya mzio pale mtaani kwetu, unachomwa mara moja miezi inapita hupigi chafya hata moja. Mpelekeni huyo dada mumalize uzi.

#13 Tabibu_Kituo
#12, sindano nyingi za namna hiyo ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Kweli unajisikia mpya. Lakini ukizizoea zinapandisha sukari, zinadhoofisha mifupa, zinapunguza kinga. Si kitu cha kuchomwa mtaani kila mafua yakija. Dereva #11 anafuata njia inayoeleweka, ingawa hata setirizini inawalaza baadhi ya watu, na yeye anaendesha. Ajichunguze.

Sasa swali la #1 ambalo hakuna aliyeligusa. Wiki mbili za Bagamoyo hazitawaambia kitu. Paka akiondoka, protini yake inabaki kwenye zulia, kochi na kuta. Imepimwa kwenye nyumba zilizoondoa paka, na nyingi zilihitaji miezi minne mpaka sita kushuka kufikia kiwango cha nyumba isiyo na paka. Mtamrudisha Sultani mkisema si yeye, kumbe ni yeye. Au mwenzenu atapata nafuu kwa sababu tu mmefanya usafi mkubwa siku ya kumuaga paka, na mtamhukumu bure.

#14 Binti_Sinza
Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Kwa hiyo turudi kinyume, mgonjwa ndiye alale kwingine?

#15 Tabibu_Kituo
Inaeleza kidogo zaidi, hasa akienda na nguo safi na asilalie godoro lake. Lakini bado hutajua kama kilichomponya ni kukosa paka, kukosa godoro au kukosa vumbi la dirishani. Kuna kipimo cha ngozi, unatonewa matone mkononi, wanachoma juujuu, ndani ya dakika 15 hadi 20 unaona panapovimba. Hospitali kubwa zinacho. Kipimo kimoja kinaangalia paka, utitiri, mende na chavua pamoja.

#16 Nyumba_Sita_Vyumba
Mende! Ahsante kwa kumtaja. Nilipanga Mwananyamala nyumba ya vyumba sita, watu wote tunakohoa, paka hata wa dawa hayupo. Usiku ukiwasha taa jikoni sakafu inatembea. Kinyesi na magamba ya mende ni chanzo kikubwa cha mzio na pumu mijini, kuliko watu wanavyodhani. Panya pia, mkojo wao una protini ya namna hiyohiyo. Ninyi mfukuzeni Sultani, panya wa Sinza waingie, halafu mrudi hapa kufungua uzi mwingine.

#17 Mzee_wa_Kigogo
Hapo #16 umesema. Paka aliye uani anawazuia panya na halali kwenye kochi. Msimamo wangu ni uleule.

#18 Dokta_Mifugo
Nimesoma wote. Mmemzungumzia mgonjwa wa watu, hakuna aliyemuuliza paka.

Kwanza, kunyonyoka. Nchi zenye baridi paka wanapukutisha zaidi misimu fulani kufuata urefu wa mchana. Kwetu mchana na usiku havitofautiani sana, kwa hiyo wananyonyoka kidogokidogo mwaka mzima. Hilo ni la kawaida. La kumtia mtu wasiwasi ni akitoa mafungu, au ngozi ikionekana. Mpige tochi nyuma ya mgongo karibu na mkia: ukikuta chembe nyeusi kama pilipili manga, zidondoshee kwenye karatasi nyeupe iliyoloa. Zikitoa wekundu, ni kinyesi cha viroboto, ule wekundu ni damu. Paka mwenyewe anaweza kuwa na mzio wa mate ya kiroboto, akajilamba tumbo na mapaja mpaka yakabaki matupu. Na kadiri anavyojilamba ndivyo anavyopaka mate. Ukiona duara lisilo na manyoya lenye magamba, inaweza kuwa fangasi, na hiyo inawaambukiza ninyi.

Pili, chakula. Paka ni mla nyama. Ugali uliochovywa mchuzi wa dagaa unamshibisha lakini ngozi inalia njaa. Apate dagaa wenyewe, vichwa vya samaki vilivyopikwa bila miba mikali, maini kiasi.

Tatu, Binti umesema dume. Amehasiwa? Dume asiyehasiwa anatoa protini hiyo zaidi kuliko jike na kuliko dume aliyehasiwa. Mhasi kwa daktari wa mifugo, kwa ganzi na usingizi, si kwa fundi mwenye wembe. Faida nyingine, ataacha kukojolea milango.

Na naomba hili msilipite. Msimpake paka dawa ya viroboto ya mbwa, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nyingi zina permethrini au saipamethrini, ini la paka haliwezi kuzivunja. Nimeletewa paka wanatetemeka mwili mzima na wenyewe walidhani wanamsaidia. Panadol vilevile, kidonge kimoja kinaweza kumuua.

#19 Binti_Sinza
Hajahasiwa. Chembe nyeusi ninazo, nimetoka kumpiga tochi sasa hivi. Karatasi imetoa wekundu.

#20 Fundi_Feni
Sultani mwenyewe mgonjwa, jamani.

#21 Sauda_Maskati
Dokta, na kuogesha je? Shoga yangu anamwogesha paka wake kila Ijumaa, anasema mzio umeisha.

#22 Dokta_Mifugo
Kuogesha kunapunguza, lakini baada ya siku chache inarudi palepale, kwa sababu mate hayajaisha. Na paka wengi wanaumia roho. Bora kitambaa chenye maji ya kawaida, unampangusa kufuata manyoya, kisha brashi. Afanyiwe uani, tena na mtu asiye na mzio. Kitambaa unakifua, hukikung'utii dirishani.

Kampuni ya Purina ina chakula chenye protini ya mayai kinachofunga Fel d 1 mdomoni mwa paka. Kinapunguza, hakimalizi. Kwa bei ya huku, hela hiyo naona bora iende kwenye kuhasi.

#23 Mama_Tausi
Na kwenye usafi acheni fagio kavu la chelewa ndani. Unafagia, unavirusha vyote juu, unavimeza. Tambaa lililoloa kwanza, halafu deki. Zulia la sebuleni liondoke, sakafu ya vigae au saruji inafutika. Kochi la kitambaa livalisheni shuka mnalolifua kila wiki. Sultani apewe kiti chake, mto wake, na ukae karibu na mlango wa uani.

Chandarua pia! Watu wanakaa nacho mwaka mzima juu ya uso wao.

#24 Tabibu_Kituo
Nakubaliana na Mama Tausi, kwa nyongeza. Chandarua chenye dawa msikifue kila wiki kama shuka. Vile vya kudumu vimetengenezwa kustahimili mafuo kama 20 hivi. Sabuni ya kawaida isiyo kali, msiloweke, msitie jiki, anikeni kivulini. Tusitibu chafya tukaleta malaria.

#25 Mjamzito_Mtarajiwa
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Mimi nina mimba changa na wifi anasema paka aondoke leo kabla hajaniharibia mtoto. Kweli?

#26 Mjukuu_wa_Bibi
Kweli kabisa dada, unyoya ukimezwa unakaa kwenye kizazi.

#27 Tabibu_Kituo
#26, hapana. Unyoya ukimezwa unapita tumboni na kutoka, hauendi kwenye kizazi.

Dada #25, hatari iliyopo ni kimelea cha toksoplazma, kinapatikana kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, na pia kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Paka si lazima aondoke. Mchanga wake autoe mtu mwingine, kila siku, maana kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo, kinahitaji siku moja au zaidi. Ukilima bustani vaa glavu. Mishikaki, kula iliyoiva tu. Na mwambie mkunga wako kliniki kwamba una paka.

#28 Dereva_Boda_Temeke
Kwa hiyo mishikaki ya barabarani ndiyo mbaya kuliko paka? Mke wangu atafurahi kusoma.

#29 Kijana_wa_Leeds
Niko Uingereza. Huku nimeanza tiba ya kuuzoesha mwili, unachomwa kiasi kidogo sana cha kile kinachokusumbua, wanaongeza polepole, miaka mitatu mpaka mitano. Ni ndefu na inataka uangalizi wa daktari. Naieleza ili #12 ajue kwamba sindano ya mzio ipo ya kweli, ila si ile ya mtaani kwao.

Halafu swali: wanaosema "tulikua na paka na hatukuumwa", inawezekana ndiyo sababu hamkuumwa? Nimesoma kwamba watoto waliokulia na paka wengine mwili unazoea.

#30 Tabibu_Kituo
Tafiti zinapingana hapo. Zipo zinazoonyesha kinga, zipo zinazoonyesha kinyume, hasa familia ikiwa na historia ya pumu. Usimletee mtoto paka kama chanjo.

#31 Mzee_wa_Kigogo
Mimi sihitaji utafiti, mimi ndiye ushahidi.

#32 Nyumba_Sita_Vyumba
Mzee wangu, na yule mdogo wako uliyetuambia kwenye ule uzi mwingine kwamba alikuwa halali bila kukaa? Yeye ni ushahidi wa nini?

#33 Mzee_wa_Kigogo
Yule alikuwa mvuta sigara. Na nyumba ilikuwa na moshi wa kuni.

#34 Mama_Tausi
Na mkaa, na koili ya mbu. Binti, mnachoma koili?

#35 Binti_Sinza
Yeye anachoma, chumbani, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi la bodaboda. Kila usiku.

#36 Fundi_Feni
Haya. Tuna paka, viroboto, godoro la mtu, koili, feni, kochi na barabara. Jumapili mtakaa saa ngapi?

#37 Binti_Sinza
Kikao kimefanyika, narudisha majibu kama mlivyoniomba. Sultani haendi Bagamoyo kwa sasa. Nimekubali kumhasi kwa gharama yangu na kutibu viroboto kwa dawa ya paka kutoka kwa daktari wa mifugo. Kochi limevaa shuka, zulia tumelikunja. Nguo za kazini kila mtu chumbani kwake. Mwenzetu ameacha koili, analala ndani ya chandarua bila moshi, na amefunika godoro na nailoni nzito chini ya shuka mpaka apate hela ya kununua jingine.

Ametuambia kitu ambacho hakuwahi kutuambia: utotoni Iringa alikuwa na pumu, akadhani iliisha. Na amekiri Sultani akimpitia miguuni chafya zinaanza palepale. Mwenzetu wa pili bado anashikilia vumbi la barabara. Tumekubaliana kwamba kipimo kikionyesha paka na kifua kikaendelea kubana hata baada ya haya yote, mimi ndiye nitatafuta chumba kingine na Sultani wangu. Nimelisema mwenyewe, sikulazimishwa. Yeye hana uwezo wa kuhama tena mwaka huu.

#38 Kombo_wa_Lamu
Allah akulipe dada. Ukikosa chumba, Lamu kuna nafasi ya paka mmoja zaidi.

#39 Sauda_Maskati
Umefanya la utu. Ila nakuuliza tena, kamba ya kuanikia mmetenganisha? Na taulo?

#40 Binti_Sinza
Kamba tumetenganisha jana. Tabibu, kipimo cha ngozi amepangiwa wiki ijayo. Anameza setirizini kila usiku na ana inhela mbili. Aendelee?

#41 Tabibu_Kituo
Setirizini aulizie alikopangiwa, kwa kawaida inaachwa kama wiki moja kabla, vinginevyo inaficha jibu na kipimo kitasema hana mzio wowote. Kama siku zimeshapungua, ni afadhali wasogeze tarehe. Inhela asiguse, aendelee nazo zote mbili: ile ya kuzuia asubuhi na jioni, ile ya bluu akibanwa. Na aende na orodha ya dawa zote anazotumia, pamoja na za mafua za dukani, nyingi zina dawa ya mzio ndani yake.